Nani Jirani Yako Safarini?
Somo: Luka 10:25–37

Wikendi hii vijana wetu wanapanda vilimani na kikundi wasichokijua, wengi wao Waislamu. Mzazi mmoja ameniuliza, "Mchungaji, tutawaamini vipi?" Si swali baya. Barabara za Mandera zimetuliza sana.

Lakini kumbuka tarehe 21 Desemba 2015. Basi kutoka Nairobi lilivamiwa karibu na El Wak. Al-Shabaab wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa, akina mama wakawapa Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, akafariki Januari 2016. Aliunganishwa na wale Wakristo na nini? Safari moja tu.

Mpendwa, mwanasheria alitaka kujua jirani yake ni nani. Yesu akamgeuzia swali: kati ya wale watatu, nani aliyekuwa jirani?

Basi tahadhari iwepo. Wajueni viongozi wa safari, acheni namba za simu nyumbani. Lakini kijana, usiishie kuuliza kama mgeni ataaminika. Jiulize: siku wakimtafuta yeye, mimi nitasimama naye?

Mungu awabariki.