Mshale Ukishatoka

Huko Marekani, mwezi Septemba, ayala dume wa mkia mweupe (yule wa pembe zenye matawi) bado ana ratiba. Mchana kalala kichakani. Jua likizama anakwenda kula soya au mbegu za mwaloni. Novemba atawakimbilia majike, ratiba kwisha. Kwa hiyo mwindaji wa upinde anapanda dungu mtini mapema, upepo ukimpiga usoni, anamngoja njiani.

Eti kumwotea mnyama katika amani yake ni hila? Hila ndiyo uwindaji wenyewe, jamani. Mimi nauliza umbali. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi, unaua kwa kumwaga damu. Ukienda mita 80 kwa sekunde, mita 40 ni nusu sekunde nzima, na mlio wa kamba umeshafika zamani. Mnyama anashtuka, anajikunja; mshale uliolenga mapafu unaingia tumboni. Atateseka saa nyingi ndipo afe. Utasema ulilenga vizuri? Kweli, ulilenga. Lakini ulijua kuwa ana masikio. Mita 20, sawa, hana muda wa kusogea sana. Mita 40, ndugu yangu, hata awe dume wa miaka mitano uliyemngoja wiki nzima, shusha upinde, ngoja giza, uende zako mikono mitupu.