Siri na Amani

Je, ni haki viongozi kupatana na adui kwa siri, ilhali watu wao wangali wakifa kwa silaha za adui yule yule? Swali hili si jepesi, na anayelijibu upesi hajalipima.

Mfano mmoja waonekana katika filamu ya mambo ya kweli iitwayo The Oslo Diaries, iliyotolewa mwaka 2018, ambayo imetumia shajara za watu waliokuwamo katika mazungumzo ya Waisraeli na Wapalestina. Kwa miaka kadhaa sheria ya Israeli iliwakataza raia wake kukutana na Chama cha Ukombozi wa Palestina. Ilifutwa Januari 1993. Mwezi ule ule wanazuoni wawili wa Kiisraeli, Yair Hirschfeld na Ron Pundak, walikutana na Ahmed Qurei, mjumbe wa chama hicho, mjini Sarpsborg, nchini Norwei. Walikula pamoja, wakabishana, wakaagana, wakarudi tena. Tarehe 13 Septemba 1993 mapatano yalitiwa sahihi mjini Washington, na Yitzhak Rabin na Yasser Arafat wakapeana mikono mbele ya walimwengu.

Wahenga walisema, penye wengi pana mengi. Mbele ya umati, mjumbe husema yatakayoshangiliwa na wenzake. Akilegeza neno moja, huitwa msaliti. Faraghani aweza kumwuliza adui yake, "Waogopa nini?" na kuungoja jawabu.

Lakini siri ni za namna mbili. Mwizi huficha jambo ili lisijulikane kamwe. Mshenga huficha jambo mpaka liive, kisha hulitangaza. Siri ya Norwei ilikuwa ya mshenga, nami siwezi kuilaumu.

Hata hivyo, mshenga siye aoaye. Akisha kupatana na wazee, kazi ya kuishi pamoja ni ya wengine. Wajumbe walikuwa wamekaa na adui miezi mingi, na mioyo yao ilikuwa imebadilika kidogo kidogo. Watu waliobaki nyumbani, wenye makaburi mapya na hofu za kale, waliambiwa habari hiyo kwa ghafula. Tena mambo mazito kupita yote, yaani Yerusalemu, wakimbizi, walowezi na mipaka, yaliahirishwa. Damu iliendelea kumwagika pande zote mbili, na tarehe 4 Novemba 1995 Rabin aliuawa na Mwisraeli mwenziwe aliyeyachukia mapatano. Hakuna awezaye kusema kwamba siri peke yake ndiyo iliyoleta msiba huo. Lakini ni dhahiri kwamba sahihi za wachache hazikuituliza mioyo ya wengi.

Wanafunzi nao wayajua haya. Wawili wakigombana, rafiki aweza kuwapatanisha kando. Lakini wenzao waliogawanyika kwa ajili yao wasipoelezwa sababu ya kupatana, kesho ugomvi utazuka tena, na safari hii utakuwa wa wengi.

Kwa hiyo naona kwamba ni haki kuzungumza na adui kwa siri, ila siri hiyo ni deni. Aliyeisikia hofu ya adui kule faraghani amepewa elimu ambayo watu wake hawana. Yampasa arudi kwao awafunze, kwa subira na kwa maneno yaliyo wazi, hata kama watamzomea.