Swali Lako Limefungwa

Ukiuliza swali Stack Overflow, mtandao wa maswali na majibu ya waandishi wa programu, ukalianza kwa salamu, ukawapa wakubwa pole ya majukumu na mwishoni ukashukuru, salamu hiyo haikai. Atapita mtu usiyemjua, ataikata, ataiondoa na shukrani yako, kisha ataenda zake bila kukujibu. Hana nia ya kukutukana. Ndio utaratibu wa pale: ukurasa ni wa swali na jibu, na neno lolote lisilo swali wala jibu ni uchafu wa kufagiwa. Lakini kwa mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba shida haielezwi kabla ya kujuliana hali, hapo ameshajisikia mgeni hata kabla swali lake halijasomwa. Na Kiingereza alichokiandikia amekiazima. Mtandao huo una matawi ya Kireno, Kirusi, Kihispania na Kijapani; la Kiswahili halipo.

Ulianzishwa kwa nia njema. Jeff Atwood na Joel Spolsky, waandishi wa programu wa Marekani, waliufungua kwa umma Septemba 2008. Kabla ya hapo aliyekwama alikuwa na njia mbili, zote mbaya. Ama apekue kurasa za mabishano ambamo jibu, kama lipo, limezikwa chini ya porojo za watu thelathini, ama aangukie Experts-Exchange, ambako jibu lilifunikwa mpaka ulipie. Wawili hao walitaka jibu bora lipande juu kwa kura za wasomaji, lisomwe bure, na lirekebishwe na yeyote mwenye ujuzi zaidi. Hesabu yao ilikuwa rahisi: anayeuliza ni mmoja, lakini watakaoletwa na Google kwenye ukurasa uleule miaka mitano baadaye ni maelfu. Basi ukurasa uandikwe kwa ajili ya hao maelfu.

Ugomvi wote uliofuata ulitoka kwenye hesabu hiyo. Mgeni anaingia akijua amekuja kusaidiwa. Mwenyeji anamwona ni mtu aliyeleta ukurasa wa kuwekwa kwenye maktaba, na ukurasa wenyewe ni mbovu. Kila mmoja anamwona mwenzake hana adabu, na kila mmoja ana haki kwa kipimo chake. Kwa miaka mingi watu walibishana juu ya lugha kali na lugha laini, ilhali kilichokuwa kinabishaniwa ni mahali pale ni pa kazi gani.

Tuseme kuna mwanafunzi wa mwaka wa pili, awe Dodoma au Eldoret, anaandika kazi ya darasa kwa Java. Programu inakufa na kutapika maneno mekundu, mojawapo NullPointerException. Kosa lenyewe si kubwa: ametangaza jina `mteja`, lakini huyo mteja hajamuunda popote, na programu inapoomba namba yake ya simu inakuta patupu. Yeye halijui hilo. Anabandika mistari yote mia mbili, anaandika kwamba anakabidhi kesho, anaomba msaada wa haraka.

Zinapita dakika chache. Kura mbili za kupinga. Swali limefungwa, na juu yake kuna tangazo kwamba limeshajibiwa kwingine, na kiungo cha ukurasa mashuhuri unaoeleza NullPointerException ni kitu gani na inarekebishwaje. Anaufungua. Maelezo ni sahihi, tena yameandikwa na watu wanaoijua Java kama viganja vya mikono yao, lakini hayamwambii ni upi kati ya mistari yake mia mbili wenye tatizo. Anataka kuuliza palepale chini ya jibu. Mfumo unamwambia hana pointi: kutoa maoni kwenye machapisho ya wengine kunahitaji pointi 50, naye ana 1. Basi anatafuta ukurasa mwingine unaofanana na kuandika swali lake kwenye kisanduku cha majibu, kwa kuwa hicho kiko wazi. Linafutwa, maana si jibu. Akiendelea hivyo siku mbili tatu, mfumo wenyewe unaweza kumzuia asiulize tena.

Kila hatua hapo ina sababu nzuri, na mimi niko upande wa wenyeji kwa nyingi kati yake. Hakuna mtu mwenye kazi yake atakayesoma mistari mia mbili ya mtu mwingine bure. Punguza mpaka ibaki michache inayotosha kuzalisha kosa lilelile, na mara nyingi katika kupunguza huko utalikuta kosa mwenyewe. Picha ya skrini nayo, ikiletwa badala ya maandishi, inakataliwa kwa sababu msimbo ulio ndani ya picha haunakiliki, hautafutiki, na kipofu anayesomewa skrini na kompyuta yake hapati kitu. Kukabidhi kesho ni shida ya anayekabidhi. Na kama kila NullPointerException ingepewa ukurasa wake, lile jibu zuri lingepotea katikati ya maelfu ya majibu ya ovyo. Walikuwepo pia waulizaji wa kweli wa kuchosha, wanaotaka waandikiwe kazi nzima halafu warudi kesho na nyingine. Wenyeji waliwabandika majina, na baadhi yao waliyastahili.

Ubaya unakuja unapozijumlisha. Sheria nzuri kadhaa, kila moja na mtekelezaji wake asiyejua wengine wamefanya nini, zinamfikia mtu yuleyule mchana mmoja. Hakuna hata mmoja aliyemkosea, naye ameondoka amekosewa.

Ugomvi wenyewe ni mkongwe kuliko Stack Overflow. Kwenye Usenet, mtandao wa majadiliano ya maandishi, miaka ya 1980 kila Septemba vyuo vya Marekani vilipofungua, wanafunzi wapya walipata akaunti na kumwagika kwenye magumzo bila kujua desturi. Wenyeji walinung'unika mwezi mmoja, wakawafunza, mambo yakatulia. Miaka ya 1993 na 1994 kampuni kama AOL ziliwafungulia wateja wao mlango huo, na wageni hawakukoma tena kumiminika. Wazee wa Usenet wakasema Septemba ya 1993 haikuisha, na mpaka leo jina la Septemba ya milele halijafutika. Oktoba 1995 adabu za mtandao zikaandikwa rasmi katika waraka unaoitwa RFC 1855. Mwaka 2001 mwandishi wa programu Eric Raymond, akishirikiana na Rick Moen, akatoa mwongozo wa namna ya kuuliza maswali kwa akili. Ndani yake kuna mawaidha ya maana sana, na kuna pia fundisho kwamba ukijibiwa kwa ukali, huenda ukali huo ni wema uliovuliwa maremba. Vizazi viwili vya waandishi wa programu vililelewa na sentensi za namna hiyo. Ikawa jando: aliyelia jana ndiye anayeshika kisu leo, na akiulizwa kwa nini hakuna ganzi anasema mbona yeye alipona.

Stack Overflow iliongeza kitu ambacho Usenet haikuwa nacho, yaani pointi. Kila kura ya kuunga mkono jibu lako inakupa 10. Ukifikisha 3,000 unapewa uwezo wa kupiga kura ya kufunga maswali ya wengine. Zamani zilihitajika kura tano, mwaka 2019 zikapunguzwa hadi tatu. Sasa pima kazi mbili. Kumweleza yule mwanafunzi kuhusu `mteja` wake ni dakika kumi za kusoma na kuandika. Kumfungia ni kubofya. Mtu anayejitolea saa yake ya chakula cha mchana, akiwa na foleni ya maswali hamsini mbele yake, atafanya lipi? Hahitaji kuwa na roho mbaya.

Tarehe 26 Aprili 2018 mmoja wa wakuu wa kampuni, Jay Hanlon, aliandika hadharani kwamba pale mahali hapakaribishi watu, hasa wageni, wanawake na watu wasio weupe, na kwamba lazima pabadilike. Wakongwe walichemka. Wao ndio walioandika majibu kwa miaka kumi bila senti, kampuni ikauza matangazo juu ya jasho lao, na sasa wanaambiwa wao ndio tatizo. Nadhani hasira hiyo ilikuwa na haki zaidi ya ilivyopewa wakati ule. Agosti mwaka huo zikatolewa kanuni mpya za mwenendo, na pembeni ya jina la kila mgeni kikawekwa kikatuni cha mkono unaopunga ili wenyeji wakumbuke kuwa wapole. (Mwezi uliofuata Linus Torvalds, baba wa Linux na bingwa wa barua za matusi, aliomba radhi akaenda likizo. Ulikuwa mwaka wa kuombana radhi.)

Mkono ule haukubadilisha sana. Swali lililofungwa kwa maneno ya upole limefungwa vilevile. Pointi 50 zilibaki pointi 50. Mgeni hakuwa akilia kwa kukosa tabasamu. Alikuwa amekosa mtu wa kumwonyesha mstari, na kwa hilo hakuna aliyeongezewa muda, malipo wala sababu.

Kisha Novemba 30, 2022 ikaja ChatGPT. Hiyo haichoki, haikuulizi umejaribu nini, na salamu yako inaijibu. Inasoma mistari mia mbili na kukuambia `mteja` hajaundwa. Wakati mwingine inadanganya kwa sauti ileile ya kujiamini, ndiyo maana mwanzoni mwa Desemba Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yake. Lakini waulizaji walishapata pa kwenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la PNAS Nexus ulikadiria kwamba ndani ya miezi sita shughuli za Stack Overflow zilishuka kwa takriban asilimia 25, zikilinganishwa na mitandao ya aina hiyo ya Urusi na China, ambako ChatGPT haikupatikana kwa urahisi. Waliopungua hawakuwa wageni peke yao, bali wa kila ngazi ya uzoefu. Mwenye kudhani mashine ingewaondoa wasumbufu na kuwaachia wajuzi uwanja safi, alikosea.

Ni haki kusema kwamba mtandao ulikuwa umeanza kupungukiwa zamani. Maswali mapya yalifikia kilele karibu mwaka 2014, na sehemu ya sababu ni ya heri: mengi ya msingi yalishajibiwa vizuri, ukiyatafuta unayakuta. Ila anayejibu maswali magumu leo ni yule aliyefungiwa la kijinga miaka sita iliyopita na bado akabaki. Wasiobaki hatuwajui.

Mnunuzi naye alishafika. Mwaka 2021 kampuni ya Prosus ililipa dola bilioni 1.8 kwa ajili ya Stack Overflow. Juni 2023 wasimamizi wa kujitolea waligoma mpaka Agosti, wakipinga kuzuiwa kufuta majibu wanayoshuku yameandikwa na akili mnemba. Oktoba kampuni ya Stack Overflow ikapunguza asilimia 28 ya wafanyakazi wake. Mei 2024 ikatangaza ushirika na OpenAI, wenye ChatGPT, na baadhi ya waandishi waliojaribu kufuta majibu yao kwa kupinga wakasimamishwa akaunti. Maarifa ya wale wakali, yaliyoandikwa bure, yanauzwa sasa kwa mwenye mashine pole. Mwaka huohuo 2024 mtandao ukapata uwanja ambamo swali la mgeni liliweza kupitiwa kwanza na mkongwe, likarekebishwa kwa maoni yake kabla halijatoka hadharani. Ndicho kitu cha maana zaidi walichowahi kumfanyia mgeni, na kilikuja wageni wakiwa wameshapungua.

Huku kwetu, makundi ya WhatsApp na Telegram ya waandishi wa programu yana ugonjwa wa upande wa pili. Salamu ipo, swali halipo. Mtu anaandika, "Mambo vipi wakuu, kuna anayejua Laravel humu?" Wanaoijua ni ishirini, lakini anayeinua mkono anajua amejitwisha jambo asilojua ukubwa wake, kwa hiyo wote wananyamaza. Akipatikana mmoja, wanahamia inbox, jibu linafia huko, na wiki ijayo mwingine anauliza lilelile. Kisha kuna yule wa kujibu "Google ipo", ambaye ukimwangalia vizuri ni RFC 1855 bila faida zake: ukali umekuja, maktaba haijaja.

Kwa msimamizi wa kundi kama hilo, ujumbe mmoja uliobandikwa juu unatosha: sema unatumia lugha gani, bandika kosa lote kwa maandishi, weka mistari michache inayohusika, eleza ulichokwisha kujaribu, na ukitatuliwa inbox urudi ulete jibu kwenye kundi. Salamu iachwe kwenye ujumbe uleule wenye swali. Haimzuii mtu kusoma. Na anayejibu kwamba jambo limeshaulizwa alete kiungo, kisha aongeze kwa mkono wake mwenyewe kitu cha urefu huu: "Kwako ni mstari wa 42. Mteja umemtaja tu, hujamuunda. Muunde kwanza ndipo umwombe namba."