Kiti na Aliyekikalia

Anayenunua kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ya mwingine, huko Kisugu nchini Uganda, chini ya kilima cha Muyenga, hurudi nyumbani na karatasi yenye mhuri wa mwenyekiti wa LC1, serikali ya mtaa, na saini za mashahidi. Hapo ndipo anapoanza kumtafuta mwenye mailo, yaani mmiliki wa ardhi yenyewe, maana juu ya kibanja chake yupo mwingine mwenye hati, na pasipo ridhaa ya huyo ununuzi una kilema. Hati za mailo, ukizifuata nyuma mkono kwa mkono, zinakufikisha kwenye Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900. Siku hiyo Kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwa Daudi Chwa, mwenye umri wa miaka mitatu.

Baba yake, Mwanga, alishindwa na Waingereza Julai 1897 akakimbilia upande wa Wajerumani. Mwezi uliofuata mtoto akatangazwa Kabaka, hata miaka miwili hajafikisha. Walezi wake Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri ndio walioketi na Harry Johnston, mjumbe wa Waingereza, na kutia saini kwa niaba yake. Maili za mraba 350 zikawa za Kabaka, 8,000 za wakuu na wamiliki wengine, na eneo kubwa likaenda kwa serikali ya Waingereza.

Basi nani alitawala? Wengi watasema walezi, na kwamba mtoto alikuwa kinyago tu. Mimi sikubali. Kagwa alikuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu, tangu 1889, ana bunduki, ana kalamu, ana marafiki Waingereza; kinyago kisicho na kazi angekitupa. Hakukitupa kwa sababu wakuu wenzake wasingempigia magoti mtu waliyekua naye ikulu, ila mtoto wa damu ya kifalme walimpigia bila kuona haya. Kutokuwa na nia kwa mtoto ndiko kulikomfaa kila mtu.

Hata mbali na hapa mambo yalikwenda hivyo. Vietnam, enzi hizo ikiitwa Đại Việt, Trần Thủ Độ alishika nguvu zote za dola, lakini kiti hakukikalia. Mwanzoni mwa 1226 mtawala wa kike Lý Chiêu Hoàng, mtoto wa miaka kama minane, akamwachia kiti mumewe wa rika lake, kijana wa ukoo wa Thủ Độ, anayejulikana leo kwa jina la Trần Thái Tông. Mwaka 1237, akilazimishwa kumwoa mke wa kaka yake, mfalme huyo alitoroka usiku hadi mlima Yên Tử. Thủ Độ akamfuata na maofisa wake na, kwa mujibu wa tarihi za huko, akaanza kupima uwanja wa kujenga ikulu hapohapo mlimani: mfalme alipo ndipo serikali ilipo. Mfalme akarudi.

Tumezoea kudhani kwamba amri ni nia ya mtu iliyotamkwa. Visa hivi vinaonyesha kwamba amri hudai kwanza mahali pa kuelekezea macho, na mahali hapo hupatikana hata kwa mtoto anyonyaye. Kinachonisumbua ni upande wa pili. Mkulima aliyejikuta mpangaji kwenye shamba la babu zake baada ya 1900 angemlaumu nani? Kabaka alikuwa hajui kusoma, walezi walisema wametia saini kwa ajili yake, na Johnston aliondoka Uganda 1901. Utii ulikuwa na anwani. Lawama haikuwa nayo.

Watoto hao walikua. Trần Thái Tông aliongoza vita mwenyewe dhidi ya Wamongoli, kisha mwaka 1258 akamwachia mwanawe kiti kwa hiari. Daudi Chwa alipewa mamlaka kamili 1914, na mwaka 1935 akachapisha kijitabu cha kulalamikia jinsi watu wake walivyokuwa wakiiga ugeni. Kabla ya hapo, chini yake, ilipita sheria ya busuulu na envujjo (kodi ya ardhi na ushuru wa mazao) ya 1928, iliyowawekea wenye mailo kikomo cha kumtoza mpangaji na kumlinda asifukuzwe ovyo. Wakati huo alikuwa mtu mzima. Sheria hiyo ilipunguza kodi, lakini mipaka iliyowekwa kwa jina lake utotoni haikuigusa.