Siri za Mdeni ni Mali ya Nani?

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Kwa hekima hiyo hatuwezi kuilaumu benki itakayo kujua mapato ya mkopaji, madeni yake ya zamani na jinsi alivyoyalipa. Benki hukopesha akiba za watu. Ikikopesha pasipo kuuliza, yawadhulumu wenye akiba hizo.

Lakini kuuliza nako kuna mpaka. Nchini Kenya, tangu M-Shwari ianzishwe mwaka 2012, mikopo midogo ya simu imeenea upesi. Baadhi ya wakopeshaji waliofuata walitaka ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizomo katika simu ya mkopaji. Siku ya kulipa ilipopita, mashemeji, waajiri na majirani walipigiwa simu wakaelezwa deni lisilowahusu. Mdeni alitozwa aibu kabla ya kutozwa fedha.

Wapo wasemao, "Si mwenyewe aliridhia?" Nasi twauliza: mtu aliyeuguliwa na mtoto usiku, akasoma masharti marefu kwa lugha asiyoielewa vema, ameridhia au ameshurutishwa na shida? Na hata kama ameridhia, ana haki gani ya kulitoa jina la shemeji yake? Mdhamini wa kweli huombwa, hufikiri, kisha hukubali au hukataa. Hawa wamefanywa wadhamini bila ya kujua. Mtu aweza kuweka rehani shamba lake. La jirani hawezi.

Serikali zimekwisha kuliona jambo hili. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kuwasumbua watu waliomo katika orodha ya mdeni, na mwaka 2023 mkopeshaji mmoja alitozwa faini ya shilingi 5,000,000. Kwetu Uganda ipo Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019. Hata hivyo, aghalabu sheria hufika aibu ikiwa imekwisha kutendeka.

Kwa hiyo twaona kuwa mkopeshaji ana haki ya kujua kama mtu aweza kulipa. Hana haki ya kujua ni mbele ya nani aweza kuaibishwa. Naye mkopaji, kabla ya kusema "nakubali", hana budi kujiuliza kama anachokitoa ni chake. Nasi walimu wa lugha tunao wajibu wetu: kuwafundisha wanafunzi kuyasoma masharti mpaka mwisho.