Kaboni Moja

Kila anayenikuta na kile kitabu cha kemia huniuliza: ya nini? Swali ni halali. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili karo iliponishinda, na hata huko sikuwa nikisomea sayansi. Sasa naishi chumba kimoja huku Gichagi, Kangemi. Mchana nawaandikia watu makala na matangazo, na usiku najifunza kuitaja misombo ya kaboni kwa majina yake ya kimfumo. Kitabu chenyewe ni cha kidato cha nne. Nilikinunua tao, kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara. Hakuna mtihani ninaoungoja.

Mwanzoni nilikuwa nikijibu kwamba inanifurahisha tu, na si uongo. Ukijua Kiswahili, nusu ya kazi umeshaifanya. Chukua neno "hatutawapikia". Hakuna aliyekufundisha neno hilo likiwa zima. Unalijenga vipande vipande, na kila kipande kina kazi yake. Toa -wa-, weka -m-, na watakaolala njaa wanapungua kutoka wengi hadi mmoja. Majina ya kemia yanajengwa vivyo hivyo. Mwanzo wa jina huhesabu kaboni: meth- ni moja, eth- mbili, prop- tatu, but- nne. Kipande cha katikati, -an-, husema kwamba kaboni hizo zimeshikana kwa kifungo kimoja kimoja. Mwisho wa jina hutaja ukoo: -oli ni alkoholi. Sasa soma kibandiko cha sanitaiza. Ukikuta propan-2-oli, tayari unaweza kuichora: kaboni tatu, vifungo vya moja moja, alkoholi iliyokaa kwenye kaboni ya katikati.

Zamani haikuwa hivyo. Kitu kiliitwa kwa jina la kule kilikopatikana. Kulikuwa na asidi ya sisimizi, kwa sababu ilitolewa kwa sisimizi, na asidi ya siagi, kwa sababu ilipatikana kwenye siagi iliyooza. Ilibidi uyakariri yote, na ukaririshwe na mtu anayeyajua. Mwaka 1892 wanakemia wa Ulaya walikutana Geneva wakaanza kutunga kanuni, na tangu 1919 kuna muungano wa kimataifa, IUPAC, unaozitunza na kuzirekebisha. Mtu yeyote anaweza kuzisoma. Akizifuata akiwa Kangemi, atafika kwenye muundo uleule anaofikia mtu wa Geneva. Kwangu mimi, niliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, hilo si jambo dogo. Hapa hakuna anayeniuliza risiti.

Na kuna siku kujua jina kunasaidia waziwazi. Mzee mmoja wa ploti yetu alikuwa na homa, akanionyesha dawa alizonunua kwenye duka mbili tofauti. Alikuwa akizimeza zote.

"Mzee, hizi ni dawa moja," nikamwambia.

"Kijana, hata rangi haifanani."

"Rangi ni ya kampuni. Soma hapa chini, maandishi madogo."

Zote mbili zilikuwa parasetamoli, na parasetamoli ikizidi huharibu ini. Jina kubwa la juu lilikuwa la muuzaji. Jina dogo la chini ndilo lilikuwa la dawa. Mzee aliweka pakiti moja kando.

Lakini usidhani jina la kimfumo linasema kila kitu. Majirani zangu Wakikuyu wana mfumo wao wa majina: mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la baba wa baba yake, wa pili jina la baba wa mama yake, na wasichana nao hufuata nyanya zao vivyo hivyo. Ukiujua, jina la mtu linakueleza alivyounganishwa na ukoo wake. Halikuelezi kama atakulipa deni lako.

Kemia ni hivyohivyo. Weka methanoli na ethanoli kwenye karatasi: tofauti yake ni kaboni moja na haidrojeni mbili. Ziweke kwenye glasi: zote ni angavu kama maji, na harufu zake zinakaribiana. Hata hiyo meth- ilitokana na neno la Kigiriki la mvinyo, lililounganishwa na lile la mti na wanakemia wawili Wafaransa, Dumas na Péligot, mwaka 1834, kwa sababu methanoli ilikuwa ikipatikana kwa kuchoma kuni. Tofauti kubwa inaanzia mwilini. Ini huigeuza ethanoli kuwa ethanali, kisha asidi ya ethanoiki, ileile iliyo ndani ya siki, ambayo mwili unajua kuimaliza. Methanoli nayo hupanda ngazi zizo hizo: methanali, kisha asidi ya methanoiki. Hiyo ndiyo ile asidi ya sisimizi. Mwili huimaliza polepole mno, hivyo inajilimbikiza, inaharibu neva za macho, na inaweza kuua. Ukijua mfumo, unaweza kutabiri majina yote matatu kwa mpangilio. Upofu hautauona popote katika majina hayo.

Nchi hii imejifunza hilo kwa njia mbaya. Mwezi Novemba 2000, hapa Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, wengi wao katika mitaa ya Mukuru. Waliopona, baadhi yao walipofuka. Pombe za aina hiyo mtaani ziliitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi ilikuwa shilingi kumi. Mwaka 2005 ikawa Machakos. Mwaka 2010 sheria mpya ikahalalisha chang'aa, mradi iuzwe kwenye chupa yenye kibandiko na onyo. Mwezi Mei 2014 watu walikufa tena katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo. Mwezi Februari 2024 ikawa Kirinyaga.

Kila mara husikika watu wakisema: walijitakia, si wangejua wanachokunywa? Hilo "wangejua" ndilo limenikalisha na kitabu hiki muda mrefu kuliko nilivyopanga. Linachukulia kwamba ujuzi ulikuwepo mezani, na mnywaji hakunyoosha mkono tu. Sasa tazama lile jina lililokuwa mezani: kumi kumi. Ni jina linalotaja bei na kunyamaza. Hata mimi na kitabu changu, ukinimiminia glasi mbili, siwezi kukuambia ipi ni ipi. Kusoma kunamsaidia mtu pale tu ambapo kuna aliyeandika, tena akaandika ukweli.

Na mara nyingi kuna mtu aliyesoma. Methanoli inayoua watu wengi kwa mara moja kwa kawaida haitoki kwenye chungu cha mama anayepika chang'aa. Ni ya viwandani. Huko husafirishwa ndani ya pipa lenye jina lake na alama ya sumu. Mahali fulani kati ya pipa na glasi, kuna mtu aliyeona jina hilo, akalipima na faida, na kuliacha nyuma. Kwa hiyo ukiniuliza ni nani alikuwa na wajibu wa kujua, sitaanza na mnywaji. Wajibu unamwangukia kwanza yule wa mwisho aliyeliona jina. Kumuuzia mtu kitu baada ya kukivua jina lake ni kumdanganya, hata kama hukufungua mdomo.

Kuna atakayesema huo ni uzito mwingi mno kwa watu wa chini: dereva, mtunza stoo, kijana wa mkokoteni. Wana watoto wa kulisha, na akikataa mmoja atabeba mwingine. Nakubali kwamba tajiri mwenye pipa anabeba zaidi. Lakini hoja ya "atabeba mwingine" naijua kwa karibu, kwa sababu nimeshaambiwa mimi. Mwaka jana mteja mmoja alinitumia kazi ya kuandika tangazo la mafuta ya kung'arisha ngozi. Niandike "mitishamba tupu". Kwenye picha ya orodha ya viambato, katikati, kulikuwa na haidrokwinoni. Kwa jina la kimfumo ni benzini-1,4-dioli, na Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye kitu hicho. Ikitumiwa muda mrefu inaweza kuiacha ngozi na mabaka meusi zaidi ya yale uliyotaka kuyaondoa. Nilimwandikia kwamba siwezi. Akajibu kwa upole tu kwamba kuna waandishi wengi. Ni kweli, tangazo lilitoka wiki iliyofuata, likiwa na yale maneno aliyoyataka. Mimi nilipoteza pesa ambazo zingelipa nusu ya kodi ya mwezi, na sijui kama kuna ngozi hata moja niliyoiokoa.

Kwa hiyo Mama Mboga anaponiuliza, "Mwanangu, hizo kaboni zitakulipia nyumba?" nakubali haraka: hapana, na mara moja zimenigharimu. Lakini kazi yangu ni kuvipa vitu majina ili watu wavinunue. Kabla sijaanza kusoma, ningeliandika lile tangazo na kulala usingizi mnono, na ningekuwa na haki ya kusema sikujua. Sasa haki hiyo sina. Bado sijaamua kama niliponunua kile kitabu nilikuwa nanunua elimu au nauza usingizi, lakini ninajua kwamba nikikutana na neno lile tena, nitalisoma.