Kijana Aliyeogopa Kurithi Usahaulifu

Amma baadu. Kijana wa Wazo aliniuliza: "Sheikh, baba yangu alianza kupotewa na akili kabla hajatimiza miaka 60. Je, yanifalia kuoa, nami huenda nikarithi?"

Jawabu, ndugu yangu, yakufalia. Matabibu wasema ziko nyumba chache mno ambamo maradhi haya hupita katika damu, na humo kila mtoto huwa kati ya mawili sawasawa: kurithi au kusalimika. Wagonjwa walio wengi si wa nyumba hizo. Tena mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walitaja sababu 14 ziwezazo kupunguzwa, zikiwamo shinikizo la damu, kisukari, tumbaku na uziwi.

Madhehebu yetu ya Shafi yahesabu wazimu wa mume mwenyewe kuwa aibu ya kuvunjia ndoa, wala hayakuhesabu ugonjwa wa babaye. Lakini posa ni amana: mweleze walii wa binti, usimfiche.

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliomba kinga na umri duni. Nawe omba, kisha nenda ukapimwe. Kukaa bure si tawakuli. Na baba akikuuliza jina lako mara ya kumi, mjibu kwa upole: yeye ndiye aliyekupa jina hilo.

Wallahu aalam.